Kwa nini yogati ya nyumbani inaganda Kisumu na kukataa Nakuru?

1. NyarDunga (Nakuru, Section 58)
Hamjambo wanajukwaa. Nilihamishwa kikazi kutoka Kisumu hadi Nakuru, nikaja na sufuria yangu ile ile na utaratibu ule ule wa kutengeneza yogati niliofundishwa na mama mkwe. Nachemsha lita moja ya maziwa ya ng'ombe hadi yafure, nayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua, nachanganya vijiko viwili vikubwa vya yogati isiyo na sukari wala ladha, nafunika na kuweka juu ya kabati la jikoni. Kisumu yogati hiyo ilikuwa ikiganda ikakatika kwa kijiko. Hapa Nakuru ninapofunua nakuta maziwa yamekuwa mazito kidogo tu, kama uji mwepesi wa mtoto, na wakati mwingine hayana hata uchachu. Jirani anasema ni baridi. Anayeniletea maziwa anasema chachu ya dukani, yaani ile yogati ninayochanganya, ndiyo mbovu. Dada yangu aliyebaki Kisumu anashikilia kwamba maziwa ya huku yametiwa kitu. Watoto wangu wanaipenda yogati ya nyumbani kuliko ya kununua, nami sitaki kuiacha. Mwenye ujuzi anieleze sababu ni ipi.

2. Mkulima wa Bahati (Nakuru)
Karibu Nakuru, dada. Jirani yako amesema kweli. Bakteria wa yogati hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selisiasi, na usiku hapa kwetu joto la nje hushuka hadi nyuzi 10 au 12, hasa mwezi wa Juni na Julai. Sufuria ya alumini yenye lita moja ya maziwa, ikiwekwa juu ya kabati katika nyumba ya mawe, hupoa kabla bakteria hawajaanza kazi yao sawasawa. Nyumbani kwangu tunatumia hotipoti ya kuwekea chapati. Tunaisuuza kwa maji ya moto ili kuta zake zisinyonye joto la maziwa, tunamimina maziwa yaliyotiwa chachu, tunafunika, kisha tunaizungushia shuka zito. Baada ya saa sita hivi huwa imeganda. Jambo la muhimu ni kutoifungua wala kuitikisa kabla ya wakati wake.

3. Mwalimu Mstaafu (Kakamega)
Mkulima amegusa nusu ya jambo na kuacha nusu nyingine, ambayo ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini: karibu nyuzi 94 Nakuru, na karibu nyuzi 96 Kisumu. Maziwa ambayo NyarDunga anayaona yakifura huko Nakuru hayajapikika sawa na yale ya Kisumu, ingawa kwa macho yanafanana. Namshauri ayaache yatokote kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuyaepua.

4. Maziwa na Sayansi (Njoro)
Mwalimu, takwimu zako ni sahihi lakini hitimisho lako halifuati. Nilisomea teknolojia ya maziwa katika Chuo Kikuu cha Egerton hapa Njoro, na jambo la kwanza tulilofundishwa kuhusu yogati ni kwamba maziwa hayahitaji kufika nyuzi 96 wala 94. Yanahitaji kufika nyuzi 85 na kukaa hapo kwa dakika 30, au kufika nyuzi 90 hadi 95 na kukaa hapo kwa dakika tano. Katika joto hilo, protini zile ambazo kwa kawaida hubaki ndani ya maji ya maziwa hulegea umbo lake na kushikamana na kaseini, protini kuu ya maziwa, na baadaye uchachu unapoongezeka protini hizo zote hufungana pamoja na kushika maji. Tofauti ya nyuzi mbili kati ya Kisumu na Nakuru haibadilishi chochote katika hilo.

Hata hivyo umetufikisha karibu na jambo jingine la kweli. Maziwa hufura kabla hayajapikika vya kutosha, kwa sababu mvuke hunaswa chini ya utando wa juu na kuyainua. Mtu anayezima jiko mara tu maziwa yanapopanda anapata yogati dhaifu, awe Kisumu, Nakuru au Mombasa. Baada ya kufura, moto upunguzwe, maziwa yakorogwe polepole na kuachwa jikoni kwa dakika kumi au zaidi. Maji kidogo yatapotea kwa mvuke, na hilo nalo huongeza uzito.

5. Daktari wa Mifugo (Molo)
Mabandiko yote yaliyotangulia yanazungumzia jiko, nami naomba tuzungumzie ng'ombe. Ng'ombe anapougua ugonjwa wa kiwele, mara nyingi hutibiwa kwa kuingiziwa dawa ya antibiotiki moja kwa moja katika chuchu. Kila dawa ina muda ulioandikwa kwenye lebo ambao mkulima hapaswi kuuza wala kunywa maziwa ya ng'ombe huyo. Wapo wanaoungoja muda huo hadi mwisho, na wapo wasioungoja kwa sababu karo inadaiwa na ng'ombe ndiye tegemeo lao. Maziwa hayo yakiingia katika mtungi pamoja na ya wakulima wengine, kiasi kidogo sana cha penisilini kinatosha kumzuia *Streptococcus thermophilus*, mmoja wa bakteria wawili wa yogati. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa dawa hiyo. Maziwa yatakuwa matamu, meupe na yenye harufu nzuri, na bado hayataganda hata yakifunikwa mablanketi yote ya nyumba.

NyarDunga, ulisema wakati mwingine hayana hata uchachu. Maziwa yaliyopoa tu huchacha kidogo, kwa kuwa bakteria hupunguza mwendo lakini hawakomi kabisa. Yasipochacha hata kidogo, mimi huuliza habari za ng'ombe kwanza.

6. NyarDunga
Asanteni nyote. Nijibu niliyoulizwa na ambayo nadhani mtaniuliza. Kisumu nilikuwa nikinunua kwa mama mmoja wa Kibos mwenye ng'ombe wachache, nikiwafahamu hata kwa rangi. Hapa naletewa na kijana wa pikipiki anayekusanya kutoka kwa wakulima wengi. Kisumu niliweka yogati asubuhi kabla ya kwenda kazini na kuikuta jioni, lakini hapa zamu yangu ni ya mchana, kwa hiyo naiweka usiku. Chachu nanunua ya aina ile ile katika duka kubwa.

7. Ja-Kondele (Kisumu)
Dada yetu ametuacha akaenda kunywa hewa ya Menengai, sasa hewa imemgeukia! Niruhusu nikuchokoze kidogo, NyarDunga. Kisumu joto la mchana hufika nyuzi 29 au 30, wala hakuna kabati la jikoni linalofika nyuzi 40 alizozitaja Mkulima. Ikiwa yogati huhitaji joto hilo ndipo igande, basi ulichokuwa ukiwalisha watoto hapa kwetu kilikuwa maziwa lala mazuri, si yogati. Nasema hivi kwa heshima, kwa kuwa mimi mwenyewe napenda maziwa lala zaidi.

8. Mkulima wa Bahati
Umeona, NyarDunga? Umesema mwenyewe kwamba Kisumu uliweka asubuhi na hapa unaweka usiku. Hata Kisumu usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Ungeiweka usiku huko huko Kisumu ungeuona ugumu, ingawa si kama wa hapa.

9. Maziwa na Sayansi
Ja-Kondele, hoja yako ni nzuri lakini ina pengo. Maziwa lala hutokana na bakteria wengine wanaopenda joto la nyuzi 20 hadi 30, na dada alitia chachu ya yogati katika maziwa yaliyochemshwa, si chachu ya maziwa lala. Bakteria wa yogati hawafi wakiwa katika nyuzi 30, bali huenda polepole. Viwandani kuna njia ya kuiweka yogati katika joto la karibu nyuzi 30 kwa muda wa hadi saa 18, na hutoka laini na isiyo kali sana. Vilevile tukumbuke kwamba maziwa hayaanzi katika joto la chumba. Yanaanza katika nyuzi 45 na kushuka taratibu. Sufuria inayopoa kuelekea nyuzi 29 hukaa katika joto linalofaa kwa muda mrefu zaidi kuliko ile inayopoa kuelekea nyuzi 12. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ilikuwa yogati halisi, iliyoganda kwa mwendo wa pole.

10. Mwana wa Kapsabet (Nandi)
Mnaongea kuhusu baridi kana kwamba nyanda za juu hazijui maziwa yaliyoganda. Kapsabet ni juu zaidi ya Nakuru na baridi yake inajulikana, lakini mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, haijawahi kutushinda. Tunasafisha kibuyu, tunakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, tunatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa, tunafunga na kukiacha mahali penye kivuli kwa siku kadhaa. Hakuna hotipoti wala blanketi. Nadhani tatizo la NyarDunga ni sufuria, kwa kuwa chombo kilichozoea maziwa hubeba chachu yake chenyewe.

11. Maziwa na Sayansi
Mursik ni hazina, na ndiyo inayotumika kuwapokea mabingwa wetu wa riadha wanapotua uwanja wa ndege. Lakini haiwezi kutumika kama ushahidi hapa. Bakteria na hamira wanaoishi katika kuta za kibuyu wamezoea baridi na wana siku nzima nzima za kufanya kazi. Yogati ina saa chache na bakteria wawili wasiopenda baridi. Aliyewachunguza kwa mara ya kwanza ni Mbulgaria Stamen Grigorov, akiwa mwanafunzi wa udaktari Geneva mwaka 1905, na ndiyo maana mmoja wao anaitwa *bulgaricus*. Hawa wawili hutegemeana: mmoja huvunja protini vipande vidogo ambavyo mwenzake anavihitaji, na mwenzake humlipa kwa asidi ya fomiki na hewa ya kaboni. Mmoja akizuiwa, wa pili hudhoofika.

12. Mwalimu Mstaafu
Kwa kuwa historia imeingia, tusimsahau Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kugundua faida za yogati.

13. Daktari wa Mifugo
Samahani Mwalimu, hilo hurudiwa sana na si sahihi. Metchnikoff alipewa tuzo hiyo pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi yao kuhusu kinga ya mwili. Ni kweli kwamba aliipigia debe yogati na kuamini kuwa maziwa yaliyochacha hurefusha maisha, lakini tuzo haikuwa kwa ajili ya hilo.

14. Mchuuzi wa Lanet (Nakuru)
Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu kijana wa pikipiki mnayemzungumzia ni mwenzangu wa kazi. Nauza maziwa na ninapima kila ndoo ninayopokea kwa laktomita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji. Maziwa yakisoma chini ya 1.028 siyachukui, kwa kuwa kuna uwezekano mkubwa yametiwa maji. Nakubali kwamba wachache hutia ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, haidrojeni peroksaidi, ili maziwa yasiharibike njiani, na hao wanatuchafulia jina sote. Lakini msiwatupie wachuuzi lawama kabla ya kuiangalia chachu. Yogati nyingine za dukani zimetiwa wanga na jelatini ili ziwe nzito, na nyingine hupashwa moto baada ya kuganda ili zidumu, kwa hiyo hazina bakteria hai. Kijiko cha yogati ya namna hiyo hakianzishi chochote. NyarDunga anasema ananunua aina ile ile, lakini pakiti iliyokaa rafuni karibu na tarehe yake ya mwisho haina nguvu sawa na iliyotoka kiwandani juzi.

15. MamaSimiyu (Bungoma)
Mchuuzi amesema jambo ambalo chama chetu cha akina mama tulilijua kwa gharama. Tulikuwa tukihifadhi chachu kutoka yogati ya wiki moja hadi nyingine. Mwanzoni ilitoka vizuri, halafu ikawa kali na majimaji, kwa sababu bakteria mmoja alimzidi mwenzake na uwiano ukapotea. Sasa tunanunua chachu kavu ya unga, tunaichanganya na maziwa yaliyochemshwa, tunaigandisha katika vibweta vya barafu na kutoa kibweta kimoja kila tunapohitaji. Tunaongeza pia unga wa maziwa, gramu 30 hadi 40 kwa lita, hasa mvua zinaponyesha na ng'ombe kula nyasi changa, maana maziwa huwa mepesi wakati huo.

Kuhusu baridi, angalieni kiasi. Lita moja hupoa upesi, lita kumi zikiwa pamoja hushikilia joto lao zenyewe. Kina mama wanaotengeneza nyingi hawalalamiki sana kuhusu baridi hata wakiwa Kitale au Kapsokwony.

16. Omwana wa Kisii
Namuunga mkono MamaSimiyu. Kisii iko kama mita 1,700 na usiku ni wa baridi, lakini mama yangu hutengeneza yogati katika sufuria kubwa ya lita tano bila hotipoti. Baada ya kupika chakula cha jioni huacha jiko la makaa lipoe mpaka libaki jivu vuguvugu, kisha huweka sufuria kando yake, si juu yake, na kuifunika kwa gunia. Asubuhi imeganda. Akitengeneza lita moja kwa njia hiyo hiyo, haigandi vizuri. Kwa maoni yangu, NyarDunga aongeze maziwa tu.

17. Mkulima wa Bahati
Ndugu yangu, jiko lenye jivu vuguvugu ni joto. Unathibitisha ninachosema.

18. Omwana wa Kisii
Lakini lita moja kando ya jivu hilo hilo haigandi, Mzee. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

19. Bi Harusi Mpya (Eldoret)
Naomba kuuliza swali dogo. Mimi hutia sukari na vanila katika maziwa kabla ya chachu ili ladha iingie vizuri. Je, huenda NyarDunga naye anafanya hivyo?

20. MamaSimiyu
Hapana, binti yangu, ameandika kwamba hatii chochote. Nawe acha kuweka sukari mwanzoni. Sukari ikiwa nyingi huwachelewesha bakteria, na wewe uko Eldoret ambako tayari kuna baridi. Tia sukari, asali au matunda yaliyopondwa baada ya yogati kuganda na kukaa katika friji.

21. NyarDunga
Nimefuata ushauri wenu na ninaleta matokeo. Nilinunua hotipoti na kipimajoto. Maziwa ya pakiti niliyoyapika kwa dakika kumi baada ya kufura, nikayapoza hadi nyuzi 44 na kuyatia chachu, yaliganda vizuri kabisa ndani ya hotipoti, na ladha yake ni ile ya Kisumu. Maziwa ya kijana wa pikipiki, kwa hotipoti ile ile na chachu ya pakiti ile ile, siku moja yaliganda kwa udhaifu na kutoa maji ya rangi ya kijani kibichi juu yake, na siku nyingine yakabaki majimaji. Sasa sijui niamini bandiko lipi.

22. Mkulima wa Bahati
Hotipoti imefanya kazi, kwa hiyo joto lilikuwa tatizo.

23. Daktari wa Mifugo
Hotipoti haikufanya kazi kwa maziwa ya mchuuzi, kwa hiyo joto peke yake halikuwa tatizo. Maziwa ya mtungi mmoja hubadilika kila siku kulingana na ng'ombe aliyekamuliwa na aliyetibiwa wiki hiyo. Matokeo yanayobadilika siku hadi siku, chombo na chachu vikiwa vile vile, yananielekeza kwenye dawa. Jaribu hivi: chukua kikombe cha maziwa hayo mabichi, usiyachemshe wala kuyanywa, uyaache mahali pa joto. Maziwa mabichi ya kawaida huchacha yenyewe. Yakipita siku mbili bila kuchacha, kuna kitu ndani yake.

24. Mchuuzi wa Lanet
Daktari, kipimo hicho hakitofautishi antibiotiki na ile dawa ya vidonda, kwa sababu zote mbili huzuia maziwa yasichache. Na katika baridi ya Nakuru hata maziwa safi yanaweza kuchelewa, kwa hiyo tutamhukumu mkulima asiye na hatia. Tena, dada hakutuambia kama maziwa ya pikipiki aliyapika kwa dakika zile zile alizopika ya pakiti.

25. NyarDunga
Niliyapika kwa dakika zile zile, ndugu Mchuuzi, nami sikuwa na nia ya kumhukumu mtu.

26. Maziwa na Sayansi
Kuhusu zile siku mbili, mimi naziona kama visa viwili tofauti. Maji ya kijani kibichi ni maji ya maziwa ya kawaida, na rangi hiyo hutokana na vitamini B2. Hujitenga pale yogati inapokaa katika joto kupita muda wake, au inapotikiswa, au maziwa yanapokuwa mepesi. Kisa hicho kinaelekea zaidi kwenye maziwa yaliyotiwa maji au ng'ombe mwenye maziwa mepesi. Friesian, kwa mfano, hutoa maziwa mengi yenye mafuta ya asilimia 3.5 hivi, na Jersey huweza kufika asilimia 5. Mama wa Kibos huenda alikuwa na ng'ombe wa kienyeji au chotara, ambao maziwa yao ni machache na mazito. Siku ile ya pili, ambapo hayakuganda kabisa, hapo namkaribia Daktari. Ile dawa ya vidonda siishuku sana, kwa kuwa huvunjika kwa joto wakati wa kuchemsha.

27. Mwana wa Kapsabet
Maji hayo ya maziwa yasimwagwe. Yakandie unga wa chapati badala ya maji, au yatie katika uji wa wimbi. Kwetu hakuna anayeyatupa.

28. Jirani wa Free Area (Nakuru)
Mbona hakuna aliyetaja maji ya Nakuru? Visima vyetu vina floridi nyingi, na sote tunajua inavyobadilisha rangi ya meno ya watoto. Huenda inazuia bakteria pia.

29. MamaSimiyu
Ndugu Jirani, katika utaratibu wa NyarDunga hakuna maji yanayoingia katika maziwa. Labda kama yameingia kabla hayajamfikia, na hapo Mchuuzi atatujibu. Jambo ambalo ningeliangalia ni sabuni na dawa ya klorini ya kuulia vijidudu. Chombo kikioshwa kwa dawa hiyo na kisisuuzwe vizuri, mabaki yake huidhuru chachu. Sisi tunamalizia kwa kumwagia chombo maji yaliyochemka na kukiacha kikauke bila kukifuta kwa kitambaa.

30. Mchuuzi wa Lanet
Mama, laktomita yangu imekwisha kujibu. Maji hayapiti kwangu.

31. Ja-Kondele
Ninaona hata Nakuru nzima ikishindwa, Kisumu bado ipo. NyarDunga, njoo wikendi na ndoo. Nikiuliza kwa dhati, baba yangu akinywa maziwa tumbo lake hujaa gesi, lakini yogati haimsumbui. Je, ile isiyoganda vizuri ni salama kwake?

32. Daktari wa Mifugo
Mimi ni daktari wa ng'ombe, kwa hiyo hali ya mzee ikizidi umpeleke hospitali. Ninachojua ni kwamba watu wazima wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Bakteria wa yogati hutumia sehemu ya sukari hiyo, na wale walio hai huendelea kuisaga wakiwa tumboni. Yogati ambayo haikuganda wala kuchacha bado ina karibu sukari yote, kwa hiyo itamsumbua kama maziwa ya kawaida.

33. Mwalimu Mstaafu
Nimekubali kusahihishwa kuhusu Nobel, lakini kuhusu mwinuko bado sijaridhika. Maziwa na Sayansi amesema nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika tano. Ukiwa Nakuru, jiko likiwa na moto mdogo, maziwa yatakuwa karibu na 90 kuliko 95, na mtu wa Kisumu ana nafasi kubwa zaidi ya kukosea bila madhara. Nataka pia kujua kama maziwa ya mbuzi yanaweza kumwondoa NyarDunga katika mashaka ya mtungi wa pikipiki, kwa kuwa mbuzi mmoja unaweza kumjua historia yake yote.

34. Maziwa na Sayansi
Mwalimu, nafasi ya kukosea unayoitaja ipo, lakini ni ndogo na dakika tano za ziada jikoni zinaifidia. Maziwa ya mbuzi yanaganda kwa utaratibu huo huo, ila yogati yake huwa laini zaidi kwa sababu aina moja ya kaseini iliyo nyingi katika maziwa ya ng'ombe ni chache katika ya mbuzi. Akitaka iwe nzito, aichuje ndani ya friji kwa kitambaa safi cha pamba kwa saa mbili au tatu.

35. Daktari wa Mifugo
Na mbuzi naye huugua kiwele na kudungwa sindano, Mwalimu. Faida ni hiyo uliyoitaja: mwenyewe utaijua siku aliyodungwa. NyarDunga, kabla ya kununua mbuzi, mwombe kijana wa pikipiki akuletee maziwa ya mkulima mmoja katika chupa ya peke yake kwa wiki moja, kisha ya mkulima mwingine wiki inayofuata, uyapike yote kwa namna moja na kuyaweka katika hotipoti hiyo hiyo, halafu utuletee majibu hapa.

36. Mkulima wa Bahati
Wiki hizo zote aiweke mchana, si usiku.